Kisiwa Tulichokifagia

Mwaka wa 1996, mwezi wa Desemba, kaskazi ikiwa imeanza kuvuma na wageni wa Ulaya wakiwa wameanza kujaa hotelini, mimi Zuhura binti Athumani nilikuwa na umri wa miaka thelathini. Nilikuwa mjane niliyetoka eda mwezi uliotangulia, mama wa watoto watatu, na sikujua kusoma wala kuandika. Marehemu mume wangu alikuwa kuli bandarini. Aliniachia nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Shika Adabu, Likoni, na jina zuri, na vyote viwili ninavyo hadi leo.

Ninyi vijana mliokuja kunitembelea baada ya Idi, mnaosomea mambo ya hoteli na utalii, mliniomba niwasimulie kazi yangu ya miaka ishirini na mitatu. Mlisema mnataka jambo la kuwatia moyo kabla ya kwenda kuajiriwa. Siku ile niliwapa chai na mahamri, nikawaambia nitaandika, kwa kuwa mdomo wangu haukuwa tayari. Sasa naandika. La kuwatia moyo sinalo, na sitalitunga ili kuwafurahisha. Ninalo nililoliona.

Kazi yangu ilikuwa kukifagia kisiwa kisichokaliwa na mtu, ili kionekane hakijawahi kukanyagwa na mtu.

Kisiwa chenyewe mnakijua, mkiteremka ufuoni mnakiona. Sisi tunakiita Mafigani. Ni kipande cha mwamba chenye mchanga mweupe upande mmoja na vichaka upande wa pili. Ni kidogo hata ukimwita mwenzako aliye ncha ya pili ataitika. Maji matamu hakina, na ndiyo sababu hakijapata kukaliwa. Lakini kutokaliwa si kutotumiwa, na nawaomba mlishike neno hilo kwa sababu ndilo lililotushinda. Wakati wa bamvua, bahari inapojivuta sana, mwamba wote kutoka ufuoni hadi kisiwani hubaki wazi, na mtu huvuka kwa miguu. Mama yangu alivuka, na mama yake, pamoja na wanawake wote wa ufuo wetu. Walikwenda kutafuta pweza na kome mashimoni. Wakishapata, walipanda Mafigani, wakawapiga pweza juu ya jiwe pana ili walainike, wakachemsha chungu, wakala, wakapumzika, wakarudi kabla ya maji kujaa. Mafiga yao, mawe matatu meusi kwa masizi, yalikuwa chini ya kichaka cha kwanza. Jina la kisiwa lilitoka hapo.

Hoteli iliyoniajiri sitaitaja. Ilikipa kisiwa jina jingine, la kigeni, na picha zake zikaenda ng'ambo. Wageni walilipa ili wapelekwe kwa mashua alasiri, bahari ikiwa imejaa, washuke mahali ambapo, kwa maneno ya hoteli, hapajafika mtu. Sasa fikirini. Asubuhi ya bamvua wanawake ishirini wamepanda na kushuka, wameburura vikapu, wamemwaga maganda. Jana yake wageni wengine wamecheza mpira na kuzika makopo. Mchanga hausahau upesi. Basi saa sita tulipelekwa sisi wanawake wanne na fagio za chelewa za mnazi, tukausahaulisha.

Kwenye karatasi za hoteli tuliandikwa watunza bustani.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Mwanakombo, mama wa Kidigo aliyenizidi kwa miaka ishirini na ushei, mlaji tambuu, mfagiaji wa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mtu wa kufundishwa kufagia. Ua wangu ulikuwa ukisifiwa mtaa mzima. Nikaushika ufagio, nikauchora ule mchanga mistari iliyonyooka, mmoja ubavuni mwa mwingine, kutoka vichakani hadi majini. Nilipomaliza nikasimama kusubiri sifa.

"Mwanangu," aliniambia, "wangojea wakwe?"

"Kwa nini, Bi. Mwanakombo?"

"Huu ndio ufagiaji wa mtu mwenye wakwe njiani. Hapa hapakufagiwa na mtu. Hapa pamefagiwa na bahari. Basi fagia kama bahari."

"Bahari yafagia vipi?"

"Kivivu. Yaja, yarudi, yabakisha. Mkono wako una haraka. Utulize."

Mashua ilikuwa imekwisha kukaribia, hapakuwa na wakati wa kurekebisha. Jioni ile msimamizi wetu, Bwana Kioko, alitukalisha nyuma ya jiko la hoteli. Alikuwa mtu wa Machakos, Mkristo mcha Mungu, mwenye haki katika mambo ya zamu na likizo, ila Kiswahili alikivunja kama kuni.

"Mama," aliniambia, "leo wageni wameniuliza hii kisiwa iko na mwenyewe."

"Kisiwa hiki kina mwenyewe," nikamsahihisha, maana hata kabla ya kujua kusoma lugha yangu niliijua.

"Hapana! Usiseme hivyo!" Alidhani namjibu. Bi. Mwanakombo alicheka hadi tambuu ikampalia. Bwana Kioko akangoja cheko likwishe, kisha akasema maneno ambayo nimeyarudia moyoni mara nyingi tangu mwaka juzi: "Wakiuliza ni ya nani, tumeshindwa kazi. Siku ingine wasiulize."

Hawakuuliza tena. Niliifanya kazi ile vizuri kuliko mtu yeyote aliyepata kuifanya, na nalisema hilo bila haya.

Kwa kuwa baadhi yenu huenda mkatumwa kazi kama ile, nitawaeleza ilivyofanywa. Kwanza, mfagiaji huenda kinyumenyume. Anayefagia akienda mbele huacha nyayo zake mwenyewe juu ya kazi yake, na hiyo si kazi. Utaanzia vichakani, mgongo ukielekea majini, na utafagia mbele yako ukirudi nyuma hatua ndogo, mpaka uyasikie maji visiginoni. Hapo ingia baharini na ufagio wako, uzunguke kupitia majini. Pili, mchanga mkavu unataka chelewa kuukuu zilizolainika, na uwe umeunyunyizia maji ya bahari kidogo ili upepo ukamilishe. Tatu, fuata upepo. Ukifagia kinyume cha upepo, viwimbi vya mchanga hugombana, na hata mgeni asiyejua lolote huhisi pana kasoro asiyoweza kuitaja. Mwani ulioletwa na maji usiutoe wote. Uache, lakini uutawanye usijirundike. Nyayo za kaa msiziguse kabisa. Wageni walizipenda mno, na walizipiga picha kuliko walivyotupiga sisi.

Sisi hawakutupiga picha kwa sababu hawakutuona. Mashua iliyotupeleka haikuwa na nafasi ya kuturudisha kabla ya wageni kushuka, kwa hiyo tulijificha nyuma ya mwamba mpaka waondoke. Bwana Kioko alitupa sare za rangi ya jiwe. Leso zenye maua zilikatazwa. Mimi, niliyevaa leso mpya kila Idi maisha yangu yote, nilikaa kila alasiri nimejikunyata kama kifaranga cha jiwe, nikila mbaazi baridi bila kugonga kijiko. Kukohoa kulikatazwa. Bi. Mwanakombo alikuwa na pumu, na alipozidiwa alijifunika gunia la fagio kichwani akakohoa humo. Tuliuma mikono ya sare zetu tusicheke. Baadaye, alipokuwa mgonjwa kweli, hatukucheka tena.

Siku moja tu tulionekana. Ilikuwa tarehe 19 Agosti 2008. Mgeni mmoja, mzee mrefu mwenye kofia ya makuti, alizunguka nyuma ya mwamba kutafuta faragha ya kujisaidia. Akatukuta wanawake wanne tumeketi, sahani mapajani. Alirudi nyuma kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Akavua kofia. Akasema, kwa Kiswahili alichojifunza kitabuni, "Hodi."

Bi. Mwanakombo alikuwa na mbaazi mdomoni. Akajibu vile vile kama angejibu nyumbani kwake: "Karibu, baba."

Mzee yule akainama, akasema samahani, akaenda zake kujisaidia kwingine. Sijui kama aliwasimulia wenziwe. Sisi tulilifanya jambo lile kichekesho cha mwaka mzima. Mtu akiingia jikoni mwa hoteli tulimwambia, "Vua kofia kwanza." Katika miaka ishirini na mitatu, watu wote walioshuka pale, yeye peke yake alipiga hodi.

Mwaka wa 1997 nimeuruka, narudi kwake. Kila mtu wa Likoni wa rika langu anajua ghasia na mauaji yaliyowafukuza wageni mwaka ule, na sitayaeleza hapa. Hoteli ilitusimamisha sote. Maduka yalifungwa, wengi walihama, na tuliobaki tulikuwa na watoto wa kulisha. Ndipo tulipoijua thamani ya Mafigani. Bamvua baada ya bamvua tulivuka, mimi na Bi. Mwanakombo na wanawake wa mitaa yetu, wenyeji na wa bara pamoja, maana njaa haikuuliza kabila. Tuliwasha moto juu ya mafiga yale yale, tukawachemshia watoto kome pale pale kwa kuwa wengine hawakuweza kungoja kufika nyumbani. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, alijifunza neno "pweza" kabla ya neno "wali". Nikitaja kisiwa kile, picha inayonijia si ya hoteli. Naona watoto wameketi mstari mmoja mchangani, midomo myeusi kwa masizi ya chungu, wanangoja zamu.

Wageni waliporudi, nasi tulirudi kufagia.

Mwaka wa 2001, nikiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, nilijiunga na madarasa ya ngumbaru, jioni, katika shule ya msingi jirani. Majirani walicheka. "Bi. Zuhura ataka kuwa karani," walisema. Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja: kabla hujaandika jina lako, andika tarehe. Alisema jina lako utalikumbuka hata ukizeeka, tarehe hutaikumbuka. Nilishika kanuni ile kama swala. Mwaka wa 2009, nikiwa na miaka arubaini na mitatu, niliketi kwenye dawati dogo kati ya watoto nikafanya mtihani wa darasa la nane, nikapita. Cheti kiko ukutani, mlikiona. Mmoja wenu aliuliza kama ni cha mjukuu wangu.

Nalitaja hili kwa sababu mlidhani, na mimi nilidhani, kwamba mtu akishajua kusoma hakuna tena kitakachompita.

Kabla ya mtihani ule yalikuwa yamepita mambo ya mafiga. Ilikuwa mwezi wa Julai 2004. Hoteli ilipata meneja mpya, naye alipotembelea kisiwa aliona mawe yale meusi chini ya kichaka, akasema yanaharibu mandhari. Bwana Kioko akatuletea amri kwamba yaondolewe. Tuliwauliza wanawake wa ufuo. Tuliketi nao barazani kwa Bi. Mwanakombo, wakafikiri, wakasema hakuna neno. Siku hizo kila mmoja alikuwa na jiko la mkaa nyumbani, na kuni za kupeleka kisiwani zilikuwa tabu. Pweza watapigwa pale, watapikwa nyumbani. Mawe matatu yana nini? Basi tuliyasukuma mimi na wenzangu wawili hadi ukingo wa mwamba, tukayadondosha kwenye maji marefu. Bi. Mwanakombo hakusukuma, pumu ilimkataza. Alisimama akitazama. "Yatanawa," alisema tu. Na kweli, bahari huondoa masizi kwa msimu mmoja. Jiwe la moto likikaa majini mwaka, hulitambui kati ya mawe mengine.

Bi. Mwanakombo alifariki tarehe 2 Februari 2011. Mungu amrehemu.

Mwezi wa Machi mwaka wa 2020, kwa sababu ya maradhi mnayoyajua, mashua zilitiwa nanga na mimi nikastaafishwa. Kazi ilipofunguliwa tena, nafasi yangu ilichukuliwa na Riziki, binti wa jirani yangu, niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe. Riziki alikuwa mwepesi. Mara ya kwanza tu aliufuata upepo bila kuambiwa. Nilimwonea fahari kama mwanangu, na bado namwonea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka wa 2022 tulisikia kwamba kampuni moja, siyo ile hoteli ya zamani, imeomba kukodishiwa Mafigani pamoja na mwamba unaokizunguka, kwa miaka mingi ambayo hata ninyi hamtaimaliza. Watajenga vyumba vya wageni juu ya nguzo. Walinzi watawekwa. Atakayevuka kwa miguu wakati wa bamvua atakuwa ameingia mahali pa watu. Wanawake wanaoishi kwa pweza ufuo ule ni wengi, na baadhi yao ni mama zenu. Wakiambiwa wasivuke hawana kwingine. Tulipeleka pingamizi. Tulisema kisiwa kinatumiwa na sisi tangu mababu, kisikodishwe, au kama lazima kikodishwe njia yetu na jiwe letu viachwe. Sheria, tulielezwa, ilikuwa upande wetu iwapo tungethibitisha jambo moja, kwamba tunakitumia.

Mimi nilichaguliwa msemaji, kwa kuwa nina cheti.

Maafisa walikuja kukikagua kisiwa mwezi wa Septemba 2023, saa nane mchana. Asubuhi ya siku ile wanawake walikuwa wamevuka, na niliwasihi wasikusanye chochote, waache maganda, waache nyayo, wapige pweza na waache damu yake juu ya jiwe. Waliacha. Nilirudi nyumbani nimetulia. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikukumbuka, kwamba siku ile hoteli ilikuwa na wageni wa alasiri.

Riziki alinijia magharibi. Hakuketi.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona waja hivyo? Ndoo ukae."

"Sikai. Leo tulifagia."

Sikumwelewa mara moja. "Mlifagia wapi?"

"Huko. Saa sita, kama kawaida. Mashua ilitupeleka, tukafagia, tukajificha. Kisha nikasikia watu, nikachungulia, nikaona suti. Wallahi sikujua ndiyo siku yenyewe. Hakuna aliyetuambia."

"Na lile jiwe?"

"Nililimwagia maji. Si ulinifunza? Damu ya pweza huleta nzi."

Alilia pale pale mlangoni. Nilimwambia ametenda kazi yake. Ana watoto wawili, na mume wake hana ajira. Nilimwuliza, maana sikuweza kujizuia, kama aliufuata upepo. Akasema ndiyo.

Kikao cha kutusikiliza kilifanyika mwezi wa Mei mwaka uliofuata, katika ukumbi wa mikutano, nasi tulijaa hadi nje. Wakili wa kampuni alikuwa kijana wa hapa mjini, mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuniuliza lolote, na hilo ndilo lililoniumiza kwanza. Ukutani waliangaza picha. Zilikuwa picha za wageni, za miaka yote, mchanga mweupe baada ya mchanga mweupe. Sikuhitaji kuambiwa miaka yake. Niliitambua kwa mikono. Ile yenye mapinda yaliyolalia kushoto ilikuwa ya Bi. Mwanakombo. Zilizofuata zilikuwa zangu. Moyo wangu, mnisamehe, ulifurahi kwanza. Ilikuwa kazi nzuri. Sikuwa nimepata kuiona kwa mbali.

"Mama," wakili aliniuliza, "katika picha hii waona nyayo za watu?"

"Sioni."

"Na hii?"

"Sioni."

"Waona moto, mafiga, maganda, kitu chochote cha binadamu?"

"Sioni. Na huoni kwa sababu tulifagia. Mimi nilifagia. Picha hiyo nimeifagia mimi."

Aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa upole, "Nani aliwaona mkifagia, mama?"

"Hakuna aliyetuona. Kazi ilikuwa tusionekane."

Ukumbi ulicheka. Hata wanawake wetu walicheka, kwa kuwa ilichekesha. Nami nilisimama pale, na neno langu la kweli limegeuka mzaha, na nilijua, kabla mtu yeyote mwingine hajajua, kwamba tumekwisha. Nilitaja 1997. Nilitaja mafiga. Wakaniuliza yako wapi, nikawaambia, wakaniuliza kama naweza kuyatoa baharini nikayatambua. Wenzangu walisimama mmoja mmoja wakasema wanavuka, mama zao walivuka. Kuhusu jiwe la pweza lililolainishwa na mikono ya vizazi, mtaalamu wa kampuni alisema bahari pia hulainisha mawe. Ni kweli. Hulainisha.

Mwenyekiti wa maafisa, mama wa makamo, aliniita pembeni baada ya kikao. Akaniambia, "Bi. Zuhura, mimi nakuamini. Lakini kuamini kwangu hakuandikiki. Naweza kuandika nilichokiona, na nilikwenda nikaona kisiwa kisichoguswa."

"Ulikiona kilivyofagiwa."

"Kilifagiwa vizuri mno," alijibu. Sikujua kama ananisifu au ananihukumu, na nadhani hata yeye hakujua.

Mlinijia mkitaka ushauri. Nimetafuta miezi mingi ushauri wa kuwapa, na kila ninaoushika unanivunjikia mkononi. Nikiwaambia msifanye kazi vizuri, nitakuwa nimewadanganya. Mtu asiyefanya kazi vizuri hawezi kulala, nami sikuwa na watoto wa kulisha kwa kazi mbaya. Nikiwaambia mkatae kazi ya namna ile, nani atawalipia kodi? Nikiwaambia someni, nilisoma. Bi. Mwanakombo hakusoma, naye aliiona bahari itayaosha yale mawe, ila hakuona zaidi ya hapo. Sote tulidhani kisiwa kinatujua. Tulidhani kufagia ni kwa ajili ya macho ya wageni tu, na kwamba sisi na mahali pale tunafahamiana bila kuhitaji alama. Hilo ndilo kosa la watu wetu, na sidhani lina dawa. Mtu wa pwani haandiki mlangoni kwamba nyumba ni yake.

Uamuzi ulisomwa Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa nne asubuhi, katika uwanja wa ofisi ya serikali, chini ya turubai, kwa kuwa watu hawakutosha ndani. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Nilivaa leso yenye maua mekundu. Karani alisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Kisiwa, alisoma, hakijapatikana kuwa na dalili yoyote ya matumizi ya binadamu. Pingamizi limetupwa. Ukodishaji umeidhinishwa, pamoja na mwamba. Kuanzia mwezi wa Januari hakuna ruhusa ya kuvuka.

Wanawake walikunja leso zao kichwani, wakaanza kuondoka wawili wawili kuelekea barabarani. Riziki alikuja kunishika mkono, nikamwambia atangulie, nitamfuata. Mvua ndogo ya vuli ilikuwa imenyesha alfajiri, na uwanja ule wa mchanga, walipokwisha kuondoka wote, ulikuwa umejaa nyayo. Za miguu mipana iliyozoea mwamba, za malapa, za watoto waliobebwa wakashushwa. Mtu angeweza kuhesabu tulikuwa wangapi.

Mfagizi wa ofisi, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya kijani, alitoka na ufagio akaanza kufagia kuanzia ngazini. Nilisimama nikamtazama. Alikuwa akienda mbele, na nyayo zake zilibaki nyuma yake, juu ya kila alipofuta.

Sikumsahihisha.